Ndege ya Pundamilia na Ndugu Zake wa Vitani

Nyumbu 99,481. Pundamilia 57,199. Swala tomi na swala granti wakihesabiwa pamoja, 194,654. Ukiwajumlisha na wanyama wengine wakubwa, Serengeti ya Januari 1958 ilikuwa na wanyama 366,980. Waliotoa hesabu hiyo ni Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, na waliifanya wakiwa angani, ndani ya ndege ndogo ya injini moja iliyopakwa milia myeusi na myeupe kuanzia puani hadi mkiani.

Picha ya ndege hiyo imezunguka dunia. Imo kwenye filamu iliyotwaa tuzo ya Oscar mwaka 1960, imo kwenye vitabu, na waongoza watalii huisimulia wanaposimamisha magari ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, penye mnara wa mawe uliojengwa juu ya kaburi la Michael. Katika masimulizi hayo ndege ile ni ya wanyama tu. Utadhani ilizaliwa kwa ajili ya Serengeti, kama ilivyofia Serengeti.

Kufia Serengeti ni kweli. Kuzaliwa kwa ajili yake siyo. Ndege hiyo, ambayo jina lake la kiwandani ni Dornier Do 27, ilibuniwa kwa kazi za jeshi, na ndugu zake walio wengi, wenye umbo lilelile na injini ileile, walivaa rangi za kijeshi tangu siku ya kwanza. Wengine walifanya kazi hiyo jirani kabisa na sisi, ng'ambo ya mto Ruvuma. Na mdogo wake mwenye injini mbili alijikuta Katanga, katika kesi ambayo jaji wa Kitanzania aliishughulikia kwa miaka mingi. Mimi naona habari ya ndege ya milia ni pungufu mpaka hao nao watajwe.

Tuanze na marufuku. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, washindi waliikataza Ujerumani kuunda ndege. Claude Dornier, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1884, alikuwa amejijengea jina kwa ndege za kutua majini, ikiwemo Do X ya injini 12, na baadaye kwa ndege za kurusha mabomu za utawala wa Hitler kama Do 17. Sasa hakuruhusiwa kuunda hata ndege ya watu wawili. Akafungua ofisi ya ubunifu Madrid. Hispania ya Jenerali Franco haikuguswa na marufuku hiyo, na jeshi lake la anga lilikuwa linatafuta ndege ndogo ya kazi nyingi, inayoweza kutua mahali popote penye uwazi kidogo.

Jaribio la kwanza, Do 25, liliruka Juni 1954 likiwa na injini ya Kihispania ya nguvu farasi 150. Injini hiyo ilionekana ndogo. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1955, ikapaa Do 27. Toleo lililokuja kuundwa kwa wingi lilifungwa injini ya Kimarekani aina ya Lycoming, yenye nguvu farasi zipatazo 270.

Mwaka huohuo wa 1955 siasa za Ulaya ziligeuka. Mwezi Mei Ujerumani Magharibi ilirudishiwa mamlaka yake na kuingia NATO, na mwezi Novemba likazaliwa jeshi jipya, Bundeswehr. Jeshi hilo lilihitaji karibu kila kitu kwa mara moja, na Dornier alikuwa na ndege mkononi, imekwisha kujaribiwa. Bundeswehr ikaagiza Do 27 zipatazo 428, nyingine za jeshi la anga na nyingine za nchi kavu. Ya kwanza kutoka kiwanda cha Oberpfaffenhofen, karibu na Munich, iliruka Oktoba 1956. Hivyo ndivyo Do 27 ilivyokuwa ndege ya kwanza kuundwa kwa wingi Ujerumani baada ya vita. Hispania ikaunda zake 50 na kuziita C-127. Kazi iliposimama kiwandani katikati ya miaka ya 1960, jumla yake ilikuwa imepita 600.

Ni vizuri kuielewa mashine yenyewe, maana humo ndimo jibu lote lilimo. Bawa la Do 27 lipo juu ya paa na halina nguzo za kulishikilia kutoka chini, kwa hiyo aliyekaa dirishani hazuiwi na kitu anapotazama ardhi. Ukingo wa mbele wa bawa una mwanya uliokaa wazi daima kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyuma kuna vibawa vikubwa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Hewa inayopenya kwenye mianya hiyo hulifanya bawa liendelee kubeba hata ndege ikiwa imepunguza mwendo kiasi ambacho ndege nyingine ingeanguka. Kwa kawaida hukata kilomita kama 200 kwa saa. Rubani akitaka, huishusha hadi mwendo wa gari kwenye barabara ya vumbi, na bado ipo angani. Magurudumu yake hayakunjwi, miguu yake ni imara, gurudumu dogo liko mkiani, na propela imeinuka juu ya mawe na majani. Hubeba watu watano au sita na kuhitaji kipande kifupi tu cha ardhi kupaa na kutua.

Jeshi lilitaka hayo kwa sababu zake: kumtembeza kamanda juu ya uwanja wa mapambano, kumwelekeza mpiga mizinga, kumtoa majeruhi kwenye shamba la ngano, kumtafuta adui chini ya miti. Mtu anayetaka kuhesabu nyumbu anahitaji nini? Kwenda polepole. Kuona chini bila kizuizi. Kutua pasipo na kiwanja. Ukiwekewa orodha hizo mbili mezani bila vichwa vya habari, utapata taabu kusema ipi ni ya mtafiti na ipi ni ya afisa.

Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo kwa taaluma, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt tangu mwaka 1945. Mwaka 1956 yeye na Michael walitoa filamu kuhusu wanyama wa Afrika wanaokosa mahali pa kuishi, ikawaingizia fedha wasizozitarajia. Wakataka kuzitumia kununua ardhi ya kupanua hifadhi. Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, akawageuza mawazo: serikali ya Kiingereza ilikuwa inapanga kubadili mipaka ya Serengeti, na hapakuwa na mtu aliyejua wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi. Afadhali wakahesabu.

Baba na mwana wakajifunza urubani, wakanunua Do 27, na Desemba 1957 wakaondoka Ujerumani wakiirusha wenyewe hadi Tanganyika. Bernhard alikuwa amekaribia miaka 50. Michael alikuwa na miaka 23. Ukiuliza nani kati yao alikuwa na haki ya kuogopa zaidi, mimi nitasema aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni.

Kambi yao ilikuwa Banagi, kaskazini ya Seronera. Njia ya kuhesabu ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutenda. Nyika iligawanywa vipande, rubani akashika mstari ulionyooka, na walioketi madirishani wakahesabu kila mmoja upande wake, kisha ndege ikageuka na kurudi kwa mstari wa pili sambamba na wa kwanza. Kundi la tembo linahesabika. Kundi la nyumbu elfu kumi linalokimbia kwa sababu ya mngurumo wako mwenyewe ni kazi nyingine. Walihesabu kwa makumi, jicho likishazoea kumi ni wangapi. Walipomaliza kuhesabu walianza kufuatilia uhamaji, wakiwavisha baadhi ya wanyama mikanda ya rangi shingoni ili waweze kuwatambua kutoka juu.

Tarakimu zenyewe, zile nilizoanza nazo, zinastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Zinavutia kwa sababu zimefika hadi mnyama wa mwisho, lakini nyika haihesabiki hivyo. Sensa ya watafiti wengine mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya 260,000, na hakuna nyumbu anayeweza kuzaa kwa kasi hiyo ndani ya miaka mitatu. Hesabu ya 1958 iliwaacha wengi. Baadaye, ugonjwa wa sotoka ulipotoweka kwa nyumbu katika miaka ya 1960 kufuatia chanjo ya ng'ombe, idadi yao ilipanda kweli, na kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Kilichobaki imara katika kazi ya akina Grzimek ni ramani kuliko tarakimu. Ilionyesha kwamba wakati wa masika nyumbu walijazana kwenye nyanda za majani mafupi upande wa mashariki, yaani palepale palipokuwa panakatwa kutoka kwenye hifadhi.

Mipaka ilibadilishwa hata hivyo. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ikawa eneo lenye mamlaka yake, ambako Wamasai waliruhusiwa kuishi na mifugo yao. Wale waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti magharibi walihamishwa, na hifadhi ikaongezewa ardhi upande wa kaskazini hadi mpakani mwa Kenya. Bernhard Grzimek hakuficha msimamo wake: hifadhi iwe ya wanyama, watu wakae nje. Hapo ndipo ninapomwekea alama ya kuuliza. Kutoka mita mia moja juu, nyumbu elfu moja wanaonekana vizuri sana. Boma la Mmasai ni duara dogo la miiba, na anayeishi ndani yake, anayejua ng'ombe wake na nyumbu walivyopishana malishoni miaka nenda rudi, haonekani kabisa. Ubishi uliozaliwa wakati ule haujaisha, na wanaofuatilia habari za kaya zinazohamia Msomera, wilayani Handeni, wanalijua hilo.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa anarusha ndege peke yake juu ya uwanda wa Salei, kati ya Ol Doinyo Lengai na tambarare za Serengeti. Tumbusi alijipiga kwenye bawa la kulia. Uchunguzi ulieleza kwamba pigo hilo lilibonyeza bawa na kukwamisha nyaya za kuongozea ndege. Haikuwa juu sana, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuirekebisha. Ikaanguka. Michael alikuwa na miaka 24, na alizikwa ukingoni mwa kasoko. Maandishi ya mnara yanasema alitoa vyote alivyokuwa navyo kwa ajili ya wanyama pori wa Afrika, pamoja na uhai wake. Baba yake alimalizia filamu na kitabu peke yake, akaishi hadi Machi 1987, na majivu yake yaliletwa kuzikwa hapohapo. Maabara iliyojengwa Serengeti mwaka 1962 kwa kumbukumbu ya Michael ndiyo iliyokua na kuwa taasisi ya utafiti ya Serengeti mwaka 1966.

Kwa wengi, habari ya Do 27 na Tanzania inaishia hapo. Lakini Ujerumani Magharibi ilirudi angani kwetu muda si mrefu, safari hii kwa mlango wa jeshi.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Nchi mpya ilihitaji kikosi cha anga, na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikakubali kusaidia kukianzisha. Ulikuwa utaratibu waliokwisha kuuanza kwingine: Nigeria, kwa mfano, jeshi la anga lilianzishwa mwaka huohuo kwa msaada wa Wajerumani, na miongoni mwa ndege zake za mwanzo zilikuwamo Do 27. Kwetu mpango haukudumu. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki kabla ya Muungano, na mapema mwaka 1965 Dar es Salaam iliiruhusu serikali ya Berlin Mashariki kuwa na ubalozi mdogo. Bonn, ambayo sera yake ilikuwa kuiadhibu nchi yoyote inayowatambua jirani zake hao, ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akajibu kwa kuwaambia wachukue na misaada mingine yote ya serikali yao. Wakaja Wakanada, na kikosi chetu cha anga kikakulia kwenye ndege zao, Otter na Caribou.

Ndege za Dornier zikaendelea kuruka kusini ya mpaka, mikononi mwa upande ambao Tanzania ilikuwa inapambana nao.

Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO kama Ujerumani Magharibi, na ilikuwa na vita tatu Afrika: Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kuanzia mwaka 1961 ilikusanya Do 27 zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa zimetumika kwanza Bundeswehr. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, mkoani Cabo Delgado. Tangu hapo, wapiganaji waliotokea kambi za Kongwa na Nachingwea wakivuka Ruvuma walilazimika kuujua mlio wa injini ile. Kutoka kwenye viwanja kama Mueda, katika uwanda wa Wamakonde, Do 27 ilibeba barua na dawa, ikatoa majeruhi, ikapeleka maafisa. Ilizunguka polepole juu ya msitu ikitafuta njia mpya za miguu, moshi wa kupikia, shamba la muhogo mahali pasipo na kijiji. Nyingine zilifungwa vipaza sauti vya kuwataka watu wajisalimishe. Nyingine zilifungwa roketi chini ya bawa.

Tazama lakini kazi yenyewe ilivyokuwa. Mstari ulionyooka, mwendo mdogo, jicho dirishani, kalamu na ramani mapajani. Mtu wa Banagi mwaka 1958 angeketi kwenye kiti hicho na kuelewa kila kitu isipokuwa kinachotafutwa.

Ujerumani ilikuwa imeweka sharti kwamba zana ilizoipa Ureno zitumike ndani ya eneo la NATO tu. Lisbon ilikuwa na jibu lililokwisha kuiva: Msumbiji si koloni, ni mkoa wa Ureno, na Ureno imo NATO. Sharti hilo halikumwokoa yeyote Cabo Delgado. Kilichobadili mambo hatimaye kilitoka mikononi mwa wakombozi wenyewe. Guinea-Bissau, mwaka 1973, wapiganaji wa PAIGC walianza kutumia Strela, kombora la Kisovieti linalobebwa begani na kufuata joto la injini. Tarehe 6 Aprili Wareno walipoteza Do 27 mbili kwa siku moja. Ndege iliyosifiwa kwa kwenda polepole ilikuwa imegeuka shabaha rahisi.

Nyumbani Ujerumani, Bundeswehr nayo ilikuwa inazistaafisha. Vilabu vya kuruka vilizinunua kwa furaha. Ndege inayopaa haraka na yenye nguvu ya ziada ni nzuri kwa kuvuta ndege zisizo na injini na kwa kupandisha warukaji wa miavuli. Hapo milango ya kijeshi ilifutwa alama, bawa likapakwa nyekundu au njano, na ndege iliyokuwa imevaa msalaba wa jeshi ikawa ya wikiendi. Chache bado zinaruka Ulaya. Zinakunywa mafuta kweli kweli, na injini yake, ambayo ina gia ya kupunguza mzunguko wa propela, ni ya aina ambayo vipuri vyake vimekuwa adimu. Ukitaka kuiona imesimama, ipo kwenye makumbusho ya jeshi Gatow, Berlin, na Museu do Ar ya Ureno nayo inayo.

Sasa swali la wapenzi wa ndege za zamani, swali linalowakosesha usingizi hasa: hii iliyopo mbele yangu, ilikuwa wapi?

Aliyewahi kununua gari la mkononi anajua kwamba namba ya nje hubadilika, ila chesisi ndiyo inayosema ukweli. Ndege ni hivyohivyo. Kila Do 27 ilitoka kiwandani na namba yake iliyopigwa kwenye kibati cha chuma, na namba hiyo haikupaswa kuguswa. Kila kitu kingine kilibadilika. Mwanzoni ndege za Bundeswehr ziliandikwa herufi mbili na tarakimu tatu, na herufi zilitaja kikosi, kwa hiyo ndege iliyohamishwa kikosi ilibadilishwa jina. Mwaka 1968 mtindo huo uliachwa, zikapewa tarakimu nne zikiwa zimekatwa katikati na alama ya msalaba; Do 27 zikaangukia kwenye 55, 56 na 57. Iliyouzwa Ureno ikapewa namba ya Kireno. Iliyoingia uraiani ikapewa herufi: D ya Ujerumani, kisha E kwa ndege ya injini moja isiyozidi tani mbili, kisha nyingine tatu. Ndege ya Grzimek ilikuwa D-ENTE, na herufi nne za mwisho zinasomeka “bata” kwa Kijerumani. Kwa upande wetu mtafiti anapaswa pia kukumbuka kwamba Tanganyika ya mkoloni ilikuwa VR-T na baada ya uhuru ikawa 5H, Kenya ikatoka VP-K kwenda 5Y. Ndege ileile, mmiliki yuleyule, hanga ileile, na bado daftari linaonyesha kana kwamba ni mbili.

Halafu kuna logibuku, daftari ambalo rubani na fundi hulazimika kuandika kila safari na kila spana. Humo ndimo unapogundua kuwa bawa lilibadilishwa mwaka fulani, mkia ukatoka kwenye ndege nyingine iliyoanguka, injini ni ya tatu. Ubishi wa kama ndege ya namna hiyo bado ni yenyewe hauna mwisho, na nimeusikiliza kiasi cha kutosha kujua kwamba mwenye bei ya kuuza huwa na jibu tayari. Rangi ndiyo shahidi wa mwisho kuaminiwa. Ndege yoyote unaweza kuipaka milia.

Kazi hii ya kufuata vibati na madaftari inaweza kuonekana kama burudani ya wazee wenye muda. Si hivyo kila mara.

Mwaka 1959 Dornier alirusha Do 28, ambayo kimsingi ilikuwa Do 27 iliyoondolewa injini ya puani na kuwekewa mbili, moja kila upande wa kifua, juu ya vijibawa vifupi. Mwaka 1961 Do 28 chache ziliuzwa kwa jimbo la Katanga lililojitenga na Congo chini ya Moïse Tshombe. Kwenye makaratasi ilikuwa ndege ya kiraia. Kule Katanga ilitumiwa na mamluki, na ikafika kurusha mabomu.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa anakwenda kukutana na Tshombe. Ndani walikuwamo watu 16. Mmoja tu alikutwa hai, naye akafa siku chache baadaye. Kwa miaka mingi kumekuwa na mashahidi wa pale Ndola, wachoma mkaa miongoni mwao, waliosema waliona ndege nyingine angani usiku ule. Wachunguzi wa kikoloni waliwapuuza.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo la kuutazama ushahidi upya, na mwenyekiti wake akawa Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Kuanzia mwaka 2017 aliendelea na kazi hiyo peke yake, kwa niaba ya Katibu Mkuu. Katika ripoti yake ya mwaka huo aliandika kwamba inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa chanzo cha ajali. Na moja ya mambo aliyolazimika kuyapima lilikuwa la aina ileile anayoisumbukia mnunuzi wa Do 27 kwenye klabu ya Bavaria: Dornier ya kwanza iliondoka lini kiwandani, nani aliirusha hadi Katanga, ilifika kabla ya Septemba 18 au baada yake, na je, iliweza kuruka usiku na kushambulia?

Majibu ya maswali kama hayo yamo kwenye hati za mauzo, vibali vya kupita anga za nchi, madaftari ya marubani na mafaili ya ujasusi. Jaji Othman ameziomba nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, zipekue nyaraka zao na kuzitoa. Nyingine zimetoa kiasi. Katika ripoti zake za baadaye amerudia kusema kwamba zipo nchi ambazo kwa hakika zinashikilia habari muhimu na hazijazitoa.